Kibuyu cha Siku ya Kufungua Shule

Sikumpenda yule mama, na yeye hakunipenda mimi. Naanza na hilo ili atakayesoma apime mwenyewe kila nitakalosema juu yake. Mkurugenzi wa shule naye sikumpenda. Huyo nilimwogopa vilevile, na woga unaharibu macho kuliko chuki. Kwa hiyo nikiandika jambo jema la mmoja wao, liaminiwe, maana halikunitoka kwa urahisi.

Niliishia darasa la sita. Mafuriko yalikula nusu ya shamba la baba kando ya Tana, nikaacha kalamu nikashika jembe. Kuandika nilikurudia ukubwani, nilipokuwa bawabu na mpiga kengele wa shule hii, na aliyenirudisha ni mwalimu wake wa kwanza kabisa, mtu wa bara, mrefu, mwenye kikohozi. Alinipa daftari akaniambia, "Kila siku andika jambo moja. Liwe fupi na liwe kweli." Sasa nina madaftari ishirini na mawili, nayaweka kwenye ndoo yenye kifuniko kwa sababu ya mchwa. Mengi ni upuuzi. Mvua imekosa. Punda wa maji amefia langoni. Mtoto wa darasa la pili amejitia jiwe puani. Sijui kama hayo yanaitwa maandishi. Lakini nilijivunia kwamba ndani hamna uongo, na mtaani walijua, wakanitania kwamba naandika hata mbuzi akikohoa.

Leo shule ina lango la chuma na mabasi mawili ya njano. Ilianza na watoto tisa kwenye mkeka, ndani ya boma la yule mama, na ubao wa kwanza ulikuwa mlango wa kabati tulioupaka unga wa betri kuukuu. Mama alikuwa mjane. Alitoka upande wa Sangailu baada ya ukame kumaliza ngamia wa marehemu mumewe, akaja Garissa na binti mmoja na kiwanja kikubwa alichoachiwa. Alimkuta mwalimu anafundisha watoto kwenye kivuli cha duka, wenye duka wanamfukuza kila wakimwaga maji ya kuosha vyombo. Akamshika mkono, nasema kweli, akamshika mkono mbele ya watu na mwanamke wa kwao hafanyi hivyo, akampeleka kwake.

Nilikuwepo siku aliyosema maneno ya kiwanja. Tulikuwa wanne: yeye, mwalimu, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa dalali wa ngamia soko la Griftu kabla ya kuhamia huku, mwenye ndevu za hina. Mama alisema, "Hii uwanja nawapa kama irmaan."

Irmaan kwa Kisomali ni ngamia mwenye maziwa. Mimi si mfugaji, naeleza nilivyoelezwa. Mtu wao akiona jirani hana maziwa, humwazima ngamia aliyezaa karibuni. Jirani anakamua, watoto wake wanakunywa. Lakini ngamia si wake na ndama si wake, na maziwa yakikauka anamrudisha kwa mwenyewe. Hakuna karatasi. Heshima ya mtu ndiyo karatasi.

Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa bara, alitaka karatasi. Mama akamcheka. "Ngamia unaandika wapi? Kwa mgongo?" Halafu akaweka sharti lake. Kila mwaka, siku ya kufungua shule, aletewe kibuyu kimoja cha maziwa kutoka kwa shule, kwa mkono wa mtu wa shule, ili pasiwe na mtu wa kusahau ngamia ni wa nani. Siku tutakayoacha kuleta, tutakuwa tumemrudishia mnyama wake, tuondoke. Na siku yeye atakayekataa kupokea, atakuwa ametuachia.

Mzee wa hina akasema ni sawa. Mwalimu akasema ni sawa. Mimi sikuulizwa, ila mbeba kibuyu nikawa mimi.

Mkurugenzi alikuja mwaka wa tatu. Alikuwa karani wa kugawa chakula kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, akaacha kazi, akaja na lori la mabati na saruji. Lazima niandike vizuri hapa. Bila yeye shule ingekufa. Mwalimu alijua kufundisha, lakini hakujua kuomba, hakujua kugombana na ofisi, na mvua moja tu ilikuwa imetuangushia ukuta. Mkurugenzi alijenga madarasa manane, akachimba kisima, akawafukuza walimu wavivu bila kujali ni binamu wa nani. Mwaka ule walimu wa bara walipoondoka wengi kwa hofu ya mashambulizi, na mwalimu wetu wa kwanza naye akaondoka akaenda kufia kwao, mkurugenzi alishika chaki mwenyewe, akafundisha madarasa matatu kwa zamu, mlango huu akatoka, mlango ule akaingia, shati limelowa mgongo mzima. Hayo niliyaona.

Niliona pia anavyompita mtu kama anapita nguzo. Miaka yote hajawahi kuniuliza hali ya nyumbani. Akitaka kengele ananyoosha kidole tu kuelekea kwenye ile rimu ya lori tunayoigonga.

Na sharti la mama alilishika. Kila ufunguzi alimwambia mpishi, "Maziwa ya Eedo kwanza, chai ya walimu baadaye." Eedo ni shangazi; wote tulimwita hivyo. Alimwita Eedo na walikuwa hawasalimiani. Ugomvi wao ulianza na kisima, kwamba kelele za pampu zinamkatisha sala, ukaenda kwa mbuzi wake waliokula miche ya shule, ukafika mahali ambapo kila mmoja alimwona mwenzake ni mwizi. Mama aliishi kwenye kona ya nyuma ya kiwanja, nyumba ya udongo aliyoikandika mwenyewe. Alizungusha ua wa mathenge, ile miti ya miiba, kati yake na shule, na mlango wake akauelekeza barabara ya nyuma. Kutoka langoni kwangu kwenda kwake ilibidi nizunguke nje.

Sasa mimi na yeye. Kisomali nakielewa chote. Nimeishi nao, nimezika nao. Lakini yule mama aliniongelesha Kiswahili tu, na Kiswahili hakukipenda, alikitumia kwangu kama mtu anavyoshika kitu kichafu kwa kitambaa. Alitaka nijue kwamba mimi ni mgeni. Sisi watu wa mtoni tulikuwa hapa tukilima kabla lami haijafika, ila kwa wafugaji anayelima ni mtu aliyekosa mnyama. Aliniita mtu wa ndizi. Si mara moja moja. Lilikuwa ndilo jina langu kwake.

"Mtu ya ndizi, maziwa yangu iko wapi?"

"Haya hapa, Eedo."

"Umetembea kama mjamzito. Leta."

Anaonja, anafuta midomo kwa ncha ya shuka, ananirudishia kibuyu bila kusema ahsante. Kila mwaka hivyo. Nilivumilia. Au nilijiambia navumilia. Kumbe nilikuwa naweka akiba.

Mwaka wa ugomvi wetu mimi na mama ulikuwa wa ukame. Maziwa ya ngamia hayakupatikana mjini, pikapu za kutoka porini zilikuwa zinarudi na makopo matupu. Mpishi akapata maziwa ya ng'ombe, kidogo, na kibuyu kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo akanitilia kwenye kijerikeni cha plastiki cha njano. Nikampelekea. Barabarani nyuma ya ua palikuwa na wasichana wa darasa la nane wanateka maji kwenye mkokoteni wa punda. Mama akachungulia ndani ya kijerikeni, akanusa, akasema kwa sauti ya kuita mbuzi:

"Hii ni nini? Mtu ya ndizi, umekamua mgomba?"

Wasichana wakaangua kicheko. Mwenye punda akacheka mpaka akashika gurudumu.

"Mwangalieni!" mama akaongeza. "Ameshika mgomba kwa chuchu!"

Alipokea kile kijerikeni. Hilo niliseme, kwa sababu lina uzito baadaye: alipokea, akanywa. Lakini kuanzia kesho yake nilipopiga kengele nilisikia kutoka madarasani, "Mkamua-mgomba! Mkamua-mgomba!" Watoto wa chekechea ambao hata hawakujua maana. Mjukuu wangu alikuwa chekechea hiyo. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Babu, mgomba una maziwa?"

Januari iliyofuata mpishi alinipa kibuyu kipya, kimefukizwa moshi vizuri, maziwa ya ngamia safi. Nikatoka langoni. Pale barabara inapogawanyika, kulia ni kwa mama, kushoto ni kushuka mtoni kwangu. Nikasimama. Wale ndege wa jalalani, makorongo, walikuwa wamesimama juu ya ukuta wananitazama, au hawakunitazama, sijui, ndivyo walivyosimama siku zote. Nikakata kushoto.

Wajukuu walikunywa. Mke wangu akauliza, "Haya ni ya nani?" Nikasema, "Ya shule." Haukuwa uongo, nikajisifu kwamba haukuwa uongo. Nikarudisha kibuyu jikoni, mpishi akauliza, "Umefikisha?" Nikaitikia kwa kichwa. Jioni nikafungua daftari. Nilikaa nalo muda. Nikaandika: *Shule imefunguliwa. Maziwa yamepelekwa kwa Eedo.*

Nilidhani atakuja kulalamika. Nilimsubiri kwa hamu, nataka aje aombe, nimwone anaomba. Hakuja. Kwao mwenye ngamia haendi kuomba maziwa ya ngamia wake. Alipita mbele ya lango langu kwenda sokoni, shingo imenyooka, hakuniita hata mtu wa ndizi. Mwaka wa pili nikakata kushoto tena, na mwaka wa tatu sikusimama hata kufikiri. Daftarini niliandika maneno yaleyale. Ni ajabu jinsi mkono unavyozoea.

Mwaka huo wa tatu, mwezi wa Machi, mkurugenzi alitangaza kwamba atajenga bweni la wasichana kwenye kona ya nyuma. Kona ndiyo nyumba ya mama. Alikwenda kumwambia mwenyewe, hakutuma mtu, nampa haki hiyo. Alisimama kwenye uwazi wa ua, upande wa barabara ya nyuma, mimi nyuma yake na funguo.

"Eedo, nitakujengea nyumba ng'ambo ya barabara. Ya mawe. Ina sakafu, ina bomba."

"Sakafu ni ya kuoshea maiti."

"Wasichana wa mbali wanalala kwa watu. Huwaonei huruma? Binti yako alisoma hapa."

"Binti yangu alisoma kwa mkeka yangu, kijana. Wewe ulikuwa wapi? Dagahaley, unapima unga na kikombe."

"Nilipima kwa haki. Na hapa nimejenga kwa haki."

"Umejenga juu ya ngamia ya mtu." Akaokota fimbo yake, akamnyooshea. "Na ngamia sasa unarudisha. Yote. Si kona. Miaka tatu hamjaleta maziwa. Mmekata wenyewe. Chukua bati yako, chukua kisima yako ukiweza kuibeba, toka."

Mkurugenzi alisogea hatua moja mbele. Nilimwona mgongo tu, lakini niliona masikio yakibadilika rangi. "Eedo, unasema uongo na una umri huu? Nimeleta kila mwaka. Kila mwaka!"

"Mimi? Mwongo? Wewe mtoto ya chawa!"

"Wallahi nimeleta!"

"Wallahi sijaona!"

Majirani walikuwa wamejaa barabarani. Mimi nilikuwa nahesabu funguo mkononi. Saba. Nikahesabu tena.

Wazee waliitwa siku ya nne. Watatu, na mkubwa wao ni yuleyule mzee wa hina, sasa haoni mbali lakini masikio anayo. Walikaa baada ya sala ya alasiri kwenye darasa la kwanza la mabati, yeye mwenyewe alitaka iwe hapo. Wakatandika mikeka, madawati yakasukumwa ukutani. Mkurugenzi upande huu, mama upande ule, ametazama dirisha. Walimu na wazazi walisimama mlangoni.

Mzee alirudia maneno ya siku ile ya kwanza, yote, bila kukosea. Halafu akasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya mbuzi: "Kama shule imeacha kuleta, ngamia amerudi kwa mwenyewe, shule ihame. Kama shule imeleta na mama anakana, basi amekana amana mbele ya watu. Kwetu anayekana amana haachiwi hata kamba. Atahama yeye, na kiwanja kitabaki kwa watoto. Hakuna katikati. Mmoja wenu anasema uongo."

"Leteni msahafu," mkurugenzi akasema. "Nitashika sasa hivi."

"Lete," mama akasema. "Mimi nashika kwanza."

Watu wakaguna. Mmoja wa wazee akasema astaghfirullah. Wote wawili walikuwa wameshanyoosha mikono, na mimi nilijua wote wawili wangeapa kweli, na kila mtu pale angeondoka akiamini mmoja wao ameununua moto wa Mungu.

"Ngojeni," mzee akasema. "Kabla ya msahafu. Nani alikuwa anabeba?"

Mpishi akanyoosha kidole, akamjibu kwa jina ambalo Wasomali huwaita wazee. "Oday, mimi natia, mzee wa kengele anabeba."

"Yuko?"

"Niko," nikasema.

"Wewe ndiye unaandika hata mbuzi akikohoa?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. "Ndiyo, Oday."

"Kalete daftari."

Nilikwenda nyumbani na kurudi. Ningeweza kulitupa mtoni. Mto uko pale. Sisemi kwamba sikufikiri. Nilichofikiri hasa ni kibaya zaidi: kwamba nikilisoma lilivyo, mama atahama, na sitaitwa mkamua-mgomba tena, na mkurugenzi kwa mara ya kwanza atanitazama usoni. Wasichana watapata bweni. Nilitia na wasichana pia, ili uzito uonekane wa haki.

"Soma," mzee akasema.

Nikasoma. Mwaka wa kwanza: Shule imefunguliwa. Maziwa yamepelekwa kwa Eedo. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nimesoma mbele ya watu mara chache maishani, na ile ndiyo niliyosoma vizuri kuliko zote.

Mkurugenzi akatoa pumzi ndefu. "Mmesikia. Na huyu si mtu wangu, kila mtu anajua hatupendani." Ndiyo, alisema hivyo. Kumbe alijua.

Nilimsubiri mama anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndizi, kwa mgomba, kwa fimbo. Hakutukana. Aligeuka kutoka dirishani akanitazama, kisha akaniambia kwa Kisomali, mara ya kwanza tangu tujuane, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Soma tena. Mimi nimezeeka. Huenda nilikunywa nikasahau."

Hakuniambia kwa hila. Alikuwa anauliza. Alikuwa anajitafuta kichwani, Januari hii, Januari ile, na kwa sababu kitabu kimesema, alikuwa tayari kuamini kitabu. Midomo yake ilikuwa inasogea kama anahesabu.

Mimi ni mtu wa kutilia shaka kila kitu. Mpaka leo sina hakika kama mwalimu alisema liwe kweli na liwe fupi au fupi kwanza. Sina hakika kama makorongo walinitazama. Lakini jambo hili moja nilikuwa na hakika nalo, na nilikuwa ninamwangalia mtu mzima anakosa hakika kwa sababu ya mkono wangu.

"Hukusahau," nikamjibu, nami kwa Kisomali. Kisha nikageukia wazee, nikasema kwa Kiswahili ili mpishi na walimu wasikie. "Daftari linasema uongo. Maziwa yalitoka jikoni miaka yote mitatu. Mkurugenzi hakuacha. Hayakufika kwa Eedo. Niliyapeleka kwangu, wajukuu wakanywa. Hakuna mwongo hapa isipokuwa mimi."

Mabati yakalia kwa joto.

"Kwa nini?" mzee akauliza.

Nilitaka kueleza habari ya kijerikeni na wasichana na mwenye punda. Ilipofika mdomoni niliona udogo wake. "Alinicheka," nikasema.

Wa kwanza kusimama alikuwa mkurugenzi. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Alisema nilikuwa karibu kumfanya afukuze mama mzee kwa haki ya uongo, na kwamba miaka yote amenichukulia kama ukuta wa shule, na ukuta ulikuwa una mchwa. Alisema nirudishe funguo. Nikazirudisha. Alikuwa sahihi, kila neno, na nilimchukia zaidi kwa kuwa sahihi.

Mama alisubiri amalize. "Mtu ya ndizi," akasema, na Kiswahili kikawa kimerudi, "mimi nilidhani huyu mtoto ya Dagahaley ni mwizi. Kumbe mwizi anapiga kengele."

"Eedo," mkurugenzi akasema, "mimi pia nilikuita mwongo."

"Uliniita. Sijasamehe. Kaa chini."

Akakaa chini.

Wazee hawakuchukua muda. Shule haikuacha kutuma na mama hakukataa kupokea, basi ngamia yuko palepale alipokuwa: maziwa ni ya shule, mnyama ni wa mama, na kona haiguswi maadamu yu hai. Bweni lijengwe upande wa kisima, kwa kuhamisha uwanja wa mpira. Mkurugenzi hakufurahi, mama hakufurahi, na mzee wa hina akasema hiyo ndiyo dalili kwamba bei ni sawa. Kwangu wakaamua hivi: vibuyu vitatu, vya ngamia, si vya ng'ombe, siku tatu mfululizo, nivipitishe katikati ya shule saa ya mapumziko, na ua wa mathenge utobolewe nipite hapo, watoto wote wakiona.

Maziwa ya ngamia siku zile yalikuwa bado shida. Nilikwenda stendi ya pikapu alfajiri kuwangojea akina mama wanaoyaleta kutoka porini. Cha kuwapa sikuwa nacho ila kilichomo shambani. Mmoja, mwenye meno ya dhahabu, aliangalia mikungu yangu ya ndizi juu ya mkokoteni akasema wanawe wanazipenda, basi mkungu kwa kibuyu. Hakujua kwa nini nilisimama pale nimeduwaa na kibuyu mkononi.

Siku ya kwanza watoto walipiga kelele mpaka walimu wakashindwa. Mkamua-mgomba, kutoka pande zote. Mjukuu wangu alikuwa amejificha chooni, nilikuja kujua baadaye. Siku ya pili walikuwa wachache. Siku ya tatu walikuwa wanacheza mpira, mpira ukaja miguuni kwangu, mmoja akasema, "Babu, usimwage," akauchukua akaenda.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, mbuzi mmoja amemlalia miguuni. Akapokea kibuyu cha tatu. Akanusa muda mrefu.

"Umepata wapi?"

"Nimebadilisha na ndizi."

Alinitazama. Nikaona neno limefika kwenye ulimi wake, naapa nililiona, lile lile la mgomba. Nikasimama nalingojea, nilikuwa nalistahili. Akalimeza. Akanywa, akafuta midomo kwa ncha ya shuka.

"Moshi nyingi," akasema. "Ambia mke yako apunguze moshi kwa kibuyu."

Hakusema ahsante. Kazini sikurudi. Januari iliyofuata kibuyu kilibebwa na mpishi, na nimesikia naye anamwita majina.

Jioni ya kile kibuyu cha tatu nilifungua daftari. Nikaandika: *Maziwa yamefika kwa Eedo.* Nikaona bado si kweli kamili, nikaongeza kwamba alikunywa nusu na nusu akamwagia mbuzi.